Mashine Inenayo Hungoja Kuambiwa

Miongoni mwa vyombo vilivyozaliwa na sayansi ya elektroniki katika nusu karne iliyopita, hapana shaka kwamba chombo kinenacho ndicho kiwashangazacho watu zaidi. Mizani ikionyesha uzito kwa namba, hakuna ageukaye. Lakini ikiutaja uzito huo kwa sauti mfano wa sauti ya mtu, sokoni pote husimama shughuli. Tangu kale kunena kumehesabiwa kuwa alama ya mwenye akili. Kwa hiyo mtu asikiapo mashine ikinena hudhani kwamba ndani yake mna kiumbe kiijuacho lugha, na ikiwa lugha hiyo ni Kiingereza, hudhani kwamba mashine kwa maumbile yake husema Kiingereza, kama vile ndege alivyoumbwa na mlio wake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Chipu inenayo haijui neno hata moja la lugha yoyote. Kazi yake ni kupokea namba, kuigeuza kuwa sauti, na kuomba namba nyingine. Lugha haimo katika chipu bali imo katika jedwali la sauti na katika orodha ya namba zinazopelekwa humo, na vyote viwili huandikwa na watu. Hoja yangu ni kwamba jedwali la sauti za Kiswahili ni wajibu wetu sisi wenye Kiswahili kuliandika na kulisahihisha, na kwamba kazi hiyo yaweza kuanzia katika madarasa ya sekondari ya pwani hii, kutoka Kunduchi hadi Bagamoyo na Saadani. Lakini kwanza yafaa tuelewe jinsi mashine hiyo inavyoambiwa la kusema.

Wawili katika kazi moja

Katika chombo kinenacho, kazi hugawanywa baina ya sehemu mbili. Ya kwanza ni kidhibiti, yaani kompyuta ndogo ifuatayo maagizo yaliyoandikwa na mtu. Hiyo ndiyo iamuayo kipi kisemwe na wakati gani. Ya pili ni chipu ya usemi, ambayo kazi yake ni kutoa sauti tu. Tunaweza kuifananisha chipu hiyo na zumari: pumzi inapita, tundu zinafunguliwa na kufungwa, lakini zumari yenyewe haijui wimbo. Mpigaji ndiye aujuaye.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni chipu iliyoitwa SP0256-AL2, iliyotengenezwa na kampuni ya General Instrument ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Chipu hiyo haitengenezwi tena, lakini ujenzi wake ni wa wazi kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuufuata hatua kwa hatua. Ndani yake zimehifadhiwa sauti 64, kila moja na namba yake kuanzia 0 hadi 63. Kati ya hizo, 5 ni vituo vya kimya, kuanzia kituo cha milisekunde 10 hadi cha milisekunde 200; zilizobaki 59 ni vipande vya matamshi, ambavyo wanaisimu huviita alofoni.

Kwa nini 64? Kwa sababu kila namba hupelekwa kwa njia ya nyaya, na waya mmoja waweza kuwa na hali mbili tu: una volti au hauna, 1 au 0. Nyaya 6 zikiwekwa pamoja hutoa michanganyiko 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 64. Chipu yenyewe ina nyaya 8 za namba, lakini kwa kazi hii 6 zatosha, na mbili zilizobaki huachwa katika hali ya 0. Mwalimu wa hisabati atafutaye sababu ya kufundisha hesabu ya jozi ameipata hapa: bila hesabu hiyo mashine haitamki hata irabu moja.

Hodi na karibu

Sasa tatizo ni hili: kidhibiti ni mwepesi mno, na sauti ya binadamu ni ya polepole. Tuchukulie kidhibiti chenye saa ipigayo mara 1,000,000 kwa sekunde, na tuseme kwamba kupeleka namba moja kunachukua mapigo 10. Orodha ya namba 11 ingekwisha kupelekwa kwa mapigo 110, yaani kama sehemu 1 ya 9,000 ya sekunde. Lakini vipande 11 vya matamshi, kila kimoja kikichukua wastani wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, vinahitaji sekunde nzima na zaidi kidogo kusikika. Kidhibiti kikipeleka namba zote kwa kasi yake, chipu ingeshika moja au mbili za mwanzo, na zilizobaki zingepotea.

Mkazi wa Bagamoyo analijua jambo hili kwa macho yake. Ufuo wetu ni wa maji mafupi, na vyombo hutia nanga mbali kidogo na mchanga, wachukuzi wakitembea majini na mizigo mabegani. Mchukuzi afikapo ubavuni mwa jahazi hamrushii mzigo mtu aliye ndani. Humngoja apange ule wa kwanza, ainue mikono, ndipo ampe wa pili. Asipongoja, mzigo huanguka baharini. Haraka haraka haina baraka: methali hiyo ni kanuni ya elektroniki kama ilivyo kanuni ya forodhani.

Ili kidhibiti kingoje, wahandisi wameongeza nyaya mbili ambazo hazichukui namba. Waya wa kwanza hutoka kwa kidhibiti kwenda kwenye chipu, nao tunaweza kuuita waya wa hodi. Kidhibiti huweka namba katika nyaya zake 6, kisha huushusha waya wa hodi kwa muda mfupi sana na kuupandisha tena, maana yake ni, "Nimeleta, pokea." Waya wa pili hutoka kwenye chipu kurudi kwa kidhibiti, nao ni waya wa karibu. Ukiwa juu, maana yake nafasi imejaa, ngoja. Ukishuka chini, maana yake nafasi ipo, leta. Chipu hii ina nafasi ya kuweka namba moja ikingoja zamu wakati nyingine inasemwa, na kwa hiyo matamshi huungana bila pengo, mradi kidhibiti kisichelewe.

Mazungumzo yote baina ya hao wawili ni hayo tu. Kidhibiti hakisemi, "Tamka jina la mji." Kinabisha, kinangoja, kinakabidhi, kinabisha tena. Wala chipu haijibu, "Nimeelewa." Hujibu tu kama ina nafasi au haina.

Yapo maongozi mawili ya kungoja, nayo yafaa mwanafunzi ayapambanue. Katika la kwanza, kidhibiti huutazama waya wa karibu mara kwa mara pasipo kufanya jambo jingine, kama mgeni asimamaye mlangoni akichungulia. Njia hii ni rahisi kuiandika, lakini hupoteza maelfu ya mapigo ya saa. Katika la pili, kidhibiti huendelea na kazi zake nyingine, kama vile kupima joto au kusoma vitufe, na waya wa karibu unaposhuka hukatiza kazi hiyo na kukiita. Kidhibiti huweka alama mahali kilipofikia, hupeleka namba moja, kisha hurudi pale pale kilipoachia. Hata simu tulizo nazo mikononi leo hufanya kazi kwa maongozi haya ya pili.

Neno "Bagamoyo" kwa namba

Nadharia bila mfano huchosha, basi na tuandike jina la mji wetu. Katika jedwali la SP0256-AL2, b ya mwanzo wa neno ni namba 63. A ni 24. G ifuatwayo na a ni 34. M ni 16. O fupi ni 23. Y ya mwanzo wa silabi ni 25. Kabla ya g ya katikati ya neno yafaa kuweka kimya kifupi, namba 1, kwa kuwa katika kuitamka g hewa huzuiwa kidogo kabla ya kuachiliwa. Tusipoweka kimya hicho sikio halitambui konsonanti vizuri. Mwishoni huwekwa kituo kirefu, namba 4, ili sauti ya mwisho isiendelee kuvuma.

Orodha yetu itakuwa hivi: 63, 24, 1, 34, 24, 16, 23, 23, 25, 23, 4. Nyaya za kidhibiti zitaonyesha kwanza 111111, kisha 011000, kisha 000001, kisha 100010, na kuendelea.

Msomaji makini atauliza kwa nini 23 imeandikwa mara mbili. Jibu lake si la Marekani. Ni la Kiswahili. Mkazo wa maneno yetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu ya silabi hiyo hurefuka. Chipu hii haina namba ya mkazo wala haibadilishi kidatu cha sauti, lakini baadhi ya irabu zake fupi zaweza kurudiwa zikaungana na kuwa ndefu. Kwa hiyo mtu aijuaye kanuni ya mkazo wa Kiswahili aweza kuiambia chipu iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza itamke "Bagamoyo" kwa mkazo ulio mahali pake. Asiyeijua kanuni hiyo, hata awe mhandisi hodari namna gani, atapata neno lililopooza. Sarufi ambayo wanafunzi wengi huiona kuwa ya kukariri kwa ajili ya mtihani hapa yageuka kuwa sehemu ya mtambo.

Njia ya pili: vipimo badala ya majina

Chipu ya namna ya kwanza huambiwa jina la sauti, nayo huitoa kama ilivyohifadhiwa. Iko namna ya pili, ambayo huambiwa vipimo vya kinywa chenyewe. Kampuni ya Texas Instruments iliitumia mwaka 1978 katika chombo cha kuwafundisha watoto tahajia kiitwacho Speak & Spell, na baadaye ikatoa chipu ya TMS5220, ambayo kidhibiti chochote kingeweza kuitumia.

Hapa usemi hukatwa vipande vya milisekunde 25, yaani vipande 40 kwa sekunde. Kila kipande huelezwa kwa biti zisizozidi 50: biti 4 za nguvu ya sauti, biti 6 za kidatu, biti 39 za tarakimu kumi zielezazo umbo la njia ya hewa kutoka kooni hadi midomoni, na biti 1 ya kusema kwamba umbo la awali lirudiwe. Kipande cha kimya hakihitaji zaidi ya biti 4. Tukikadiria kwa wingi, sekunde moja ya usemi haizidi biti 2,000. Sauti hiyo hiyo ikihifadhiwa kwa sampuli 8,000 kwa sekunde, kila moja ya biti 8, ingehitaji biti 64,000. Tumepunguza mzigo mara 32 kwa kuwa tumekihifadhi kinywa badala ya mlio.

Mazungumzo ya kidhibiti na chipu hii pia ni ya hodi na karibu, ila ghala ni kubwa zaidi. Chipu ina nafasi ya baiti 16. Kidhibiti huijaza, chipu huanza kusema, na ghala likibaki nusu chipu hutoa ishara ya kuomba nyingine. Nusu ya ghala ni biti 64, na kwa vipande vilivyo vizito hizo ni milisekunde kama 32 tu za usemi. Kidhibiti kikichelewa zaidi ya hapo ghala hukauka, na chipu hunyamaza katikati ya neno.

Tofauti ya namna hizi mbili ni kubwa kwetu kuliko inavyoonekana. Ya kwanza yatufungia katika sauti 64 zilizochaguliwa na mwingine. Ya pili yaweza kupimwa kutokana na kinywa cha mtu yeyote: mvuvi wa Kunduchi, bibi wa Kaole, au mwalimu wa Zinga.

Jedwali la nani?

Tuliangalie tena jedwali la sauti 64, safari hii kwa sikio la mwenye Kiswahili. Kwa bahati njema, th na dh zimo, kwa sababu Kiingereza nacho kinazo, na hivyo "thelathini" na "dhahabu" hazina taabu. Ng' ya "ng'ombe" imo, namba 44. Lakini gh ya "ghali" haimo kabisa. Ny ya "nyumba" haimo. Hatuna budi kuiungaunga kwa n na y. R iliyomo ni ile ya Kiingereza, ambayo ulimi haupigi juu kama katika "Ruvu". B, d, j na g za Kiswahili cha pwani hutamkwa kwa kuivuta hewa ndani kidogo, na katika jedwali hilo sauti za namna hiyo hazipo.

Kisha iko p. Jedwali zima lina p moja tu, namba 9, na mfano wake umechukuliwa katika neno la Kiingereza ambamo p hutoka kwa mpumuo, yaani na pumzi inayosikika. Wazee wa pwani hutenganisha p mbili. "Paa" la nyumba hutamkwa bila mpumuo. "Paa" mnyama wa porini hutamkwa kwa mpumuo. Ndivyo ilivyo kwa "tembo" kinywaji na "tembo" mnyama. Sentensi "Paa yuko juu ya paa" kwa sikio lililozoea ina maneno mawili tofauti. Kwa chipu hii ina moja, na paa la nyumba limepewa matamshi ya mnyama.

Sisemi haya ili kuwalaumu waliotengeneza chipu hiyo. Walitengeneza jedwali la lugha yao, kama ilivyo haki yao. Lawama, ikiwapo, ni ya yule aipokeaye chipu ya mwenzake na jedwali la mwenzake kwa pamoja, akidhani kwamba ni kitu kimoja.

Elimu iliyoanzia hapa hapa

Jambo la kutia moyo ni kwamba kazi ya kupambanua sauti za pwani hii ilikwisha kuanza zamani, tena Bagamoyo ni mmoja wa miji ilimofanyiwa. Misheni ya Shirika la Roho Mtakatifu ilianzishwa Bagamoyo mwaka 1868. Mmoja wa mapadre wa shirika hilo, Mfaransa Charles Sacleux, alifika pwani hii mwaka 1879 na akaishi Unguja na Bagamoyo kwa muda wa karibu miaka 20. Alikuwa mtaalamu wa mimea, na alilichunguza neno kwa uangalifu ule ule aliolichunguzia jani. Mwaka 1905 alichapisha kitabu juu ya fonetiki na matumizi yake katika lugha za Kiafrika, mwaka 1909 sarufi ya lahaja za Kiswahili, na kati ya 1939 na 1941 kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa. Bila shaka hakuna mgeni ajifunzaye sauti pasipo mwenyeji wa kumtamkia. Kwa hiyo elimu iliyomo katika vitabu hivyo ni elimu ya watu wa Mrima na Unguja, ijapokuwa jina lililo juu ya jalada ni moja.

Baadaye, lahaja ya Kiunguja ilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, maandishi yalirahisishwa. Mpumuo haukuandikwa. Kwa msomaji mzaliwa wa pwani hilo halikuwa kosa, kwa kuwa ulimi wake ulijaza kile ambacho kalamu iliacha. Lakini mashine haina ulimi wa kuzaliwa. Haijazi kitu. Kila ambacho maandishi yaliacha hakina budi kurudishwa na jedwali, na pengine na kamusi iliyo ndani ya kidhibiti, itakayosema kwamba neno hili katika sentensi hii ni nyumba wala si mnyama.

Pingamizi mbili

Atatokea wa kusema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa leo simu husoma maandishi kwa sauti nyororo bila chipu ya pekee. Ni kweli kwamba kazi ya chipu sasa hufanywa na programu. Lakini maongozi hayakubadilika: sehemu moja huandaa usemi, nyingine huutoa, ghala huwekwa kati yao, na mtoaji huomba nyingine kabla ghala halijakauka. Wala haja ya jedwali haikuondoka. Mwaka 2005 watafiti wa Kenya, akiwamo Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa Uingereza, walieleza mfumo wa kusoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti, na sehemu kubwa ya kazi ya namna hiyo ni kupanga sauti za lugha na kanuni za kuzitamka. Programu ya bure iitwayo eSpeak inacho Kiswahili miongoni mwa lugha zake, na kanuni zake zimeandikwa katika mafaili ya maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote aweza kuyafungua, kuyasoma na kupendekeza sahihisho.

Hapa ndipo palipo na uzito wa jambo lenyewe. Programu ya NVDA, ambayo watu wasioona hupewa bila malipo ili kompyuta iwasomee, huja na eSpeak ndani yake. Mwanafunzi asiyeona wa Kitanzania, kama wale ambao Shule ya Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam imewapokea kwa miaka mingi, akitumia chombo kama hicho hana ukurasa mwingine wa kulinganisha. Kwake yeye sauti ndiyo herufi. Mwenye macho akisikia neno lililotamkwa vibaya hutazama kitabu na kujua. Asiyeona hulichukua kama alivyolisikia, au hulazimika kurudia sentensi mara tatu ili aipate maana, huku wenzake wamekwisha kufika ukurasa wa pili. Kosa la jedwali moja, ambalo kwa mhandisi ni namba tu, kwa mtoto huyo ni mzigo wa kila siku ya masomo.

Wa pili atasema kwamba Watanzania wengi hawatofautishi tena p mbili, na bado wanaelewana; basi ya nini taabu yote hii? Ni kweli wanaelewana, kwa kuwa mazingira ya mazungumzo husaidia. Siombi Kiswahili cha kila mtu kirudishwe katika kinywa cha Bagamoyo. Ninachoomba ni kwamba tofauti hiyo, ikiachwa, iachwe na wenye lugha baada ya kushauriana. Isipotee kwa sababu tu mtengenezaji wa mbali alikuwa na nafasi ya p moja. Na kwa gh, ny, r na mkazo wa silabi, hakuna wa kubishana: hizo ni sauti za Kiswahili chote, Bara na Visiwani.

Kazi kwa shule zetu

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu, nayo yamo katika uwezo wa shule ya kawaida.

Kwanza, somo la hodi na karibu lifundishwe hata pasipo umeme. Mwanafunzi mmoja awe kidhibiti, ashike orodha ya namba. Wa pili awe chipu, ashike jedwali la sauti. Kila namba ipelekwe kwa kadi 6 zenye 0 na 1; kidhibiti agonge meza mara moja, na chipu ashushe mkono akiwa tayari. Kisha mwalimu amwamuru kidhibiti asingoje, na darasa lisikie jinsi neno linavyovunjika. Dakika kumi za mchezo huo zafaa kuliko kurasa nyingi za kukariri, na wanafunzi wataelewa kwa maneno ya nyumbani kwao jambo ambalo vitabu vya kigeni huwaeleza kwa maneno wasiyoyazoea. Shule iliyo na kidhibiti kidogo cha kufundishia yaweza kuendelea hadi kwenye nyaya zenyewe.

Pili, walimu wa Kiswahili na wa fizikia washirikiane. Wanafunzi wa Bagamoyo, Kaole, Mbegani, Kerege na Bunju waandike jedwali la sauti za Kiswahili kama zinavyosikika kwao: ngapi ni irabu, ngapi konsonanti, zipi zina mpumuo, zipi huvuta hewa ndani, kimya cha muda gani hutangulia kila moja. Kisha wawarekodi, kwa idhini yao, wazee ambao matamshi yao bado ni ya zamani. Pwani hii wamo pia Wakwere, Wadoe na Wazaramo, na ni elimu kujua jinsi kila mmoja anavyokitamka Kiswahili. Mji wa Bagamoyo una chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, kijulikanacho leo kama TaSUBa. Watu waliofunzwa kutumia sauti zao jukwaani wangekuwa wasaidizi wema.

Tatu, matokeo yasibaki katika daftari. Yale yanayohusu programu zilizo huru yapelekwe kwa wazitunzao, pamoja na mifano ya maneno yaliyotamkwa vibaya na jinsi yapasavyo kutamkwa. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo tumezoea hotuba na mashairi, nayo ni mema. Lakini shule itakayoleta siku hiyo orodha ya maneno hamsini yaliyosahihishwa katika mashine itakuwa imempa Mswahili asiyeona zawadi ambayo hotuba haiwezi kumpa.

Chipu haina ubaguzi wa lugha. Namba 63 ikibisha hodi huitamka, na namba 4 ikibisha hunyamaza. Imekaa na waya wake wa karibu ukiwa chini, ikingoja kuambiwa. Tusipoiandikia sisi jedwali la Kiswahili, wataiandikia wengine, nasi tutajifunza kutamka majina ya miji yetu kama mashine itakavyotutamkia.